Mpwa Wangu Katema Uraka

Msimu wa korosho ukiingia, Mbekenyera haina habari nyingine. Redio ikianza kusoma bei za mnada, watu wananyamaza kana kwamba wanasomewa majibu ya mgonjwa wao. Kilo imeuzwa ngapi? Makato ni yapi? Hela zinaingia lini? Ukikaa kijiweni ni korosho, ukienda msibani udongo wa kaburi haujakauka watu wameshaanza korosho. Sikatai. Korosho ndiyo inayonunua sare za watoto na bati la nyumba. Ila kuna jambo linanikera mwaka nenda mwaka rudi, na kwa kuwa nyumbani wameshachoka kunisikiliza, nawaletea ninyi: bibo halina msemaji.

Hebu litazameni. Mti umehangaika na maua tangu kipupwe, ukaleta tunda jekundu au la njano, limejaa maji, lina harufu unayoipata kabla hujafika shambani. Chini yake inaning'inia korosho moja. Bibo lina uzito mara tano, mara saba, hata zaidi ya hiyo korosho, na vitamini C iliyomo inaiacha mbali ile ya chungwa. Halafu anakuja binadamu mwenye akili timamu, ananyonga korosho, anaitia kwenye ndoo, bibo analirusha nyuma. Korosho inakwenda ghalani, inapimwa, inapewa daraja, inaandikiwa stakabadhi. Bibo linabaki na nyigu. Mwili mzima tunatupa, kitovu ndicho tunachosafirisha India na Vietnam.

Kinachookolewa katika uharibifu huo ni uraka. Na uraka, kwa wale wasiofika Kusini, una taratibu zake. Unaokota mabibo ya asubuhi hiyohiyo, maana ya jana yameshavamiwa. Unayatwanga au unayakamua kwa mikono, unachuja, maji yake unayaacha kwenye ndoo au mtungi, na mengine yanajifanyia yenyewe. Hamira ya nini? Bibo limeshuka mtini na chachu yake. Saa za mwanzo ni juisi. Jioni inaanza kuchemka bila moto. Kesho yake ni uraka wenye heshima zake. Keshokutwa unaelekea kwenye siki, na anayekuuzia siku hiyo hakutakii mema. Nina jirani ambaye pombe hagusi kabisa, ni mtu wa dini. Anachokunywa ni juisi ya mabibo tu. Anaianza asubuhi, na kwa kuwa si mtu wa haraka, jagi hilohilo linamfikisha jioni. Saa hizo huwa ana maoni mengi sana kuhusu serikali ya kijiji.

Sasa nije kwa mpwa wangu. Kwetu Wamwera mjomba si mpita njia. Mtoto wa dada ni wako, akiharibika unaulizwa wewe. Kwa hiyo haya nayaeleza nikiwa mwulizwa.

Kijana huyu anafanya kazi hotelini Dar es Salaam, hoteli ya wale wageni wanaosoma kwanza ndipo wanywe. Wakampeleka mafunzo ya mvinyo. Aliingia mtu wa kawaida, akatoka hawezi kunywa hata maji ya kisima bila kuyanusa. Msimu huu alikuja kutusaidia kuokota. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za njia, sijampokea hata begi, ananiambia, "Mjomba, unajua Mbekenyera na Toscana ni kitu kimoja?"

Toscana mimi sijafika. Hata Nachingwea siendi bila sababu ya kueleweka. Akanifafanulia kuwa ni mkoa wa Italia, na kati ya miji yake ya Florence na Siena kuna vilima vinaitwa Chianti, wanalima zabibu. Vilima vyenye mawe, jua la kiangazi lisilo na huruma, wazee wabishi. Hilo la wazee likanifanya nione huenda kweli tunafanana. Akaendelea kuwa udongo wao una mawe ya tabaka yanayomeguka, yanaitwa galestro, na wanywaji wanaongeza bei kwa sababu eti wanayaonja ndani ya glasi. Nikamwambia udongo wa wilaya yetu hii ya Ruangwa una kinywe, kampuni zimetoka Australia kuja kukifuata, na sijamsikia hata mtu mmoja akiweka kopo chini na kusema, "Ah, hapa kuna penseli."

"Ndiyo tatizo letu, mjomba. Hatujisemi."

Akanisomesha usiku ule mpaka mbu wakachoka. Kumbe mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitoa tangazo la kuchora mipaka: mvinyo wa Chianti ni ule unaotoka hapa mpaka hapa, na mdanganyifu atakiona. Karatasi hiyo hadi leo wanaitaja kwa fahari. Nami nikapiga hesabu zangu. Mkorosho uliletwa pwani hii na Wareno, kutoka Brazil, karne ya 16. Maana yake mwaka 1716 mali ghafi ilikuwa imeshatua, vilima vilikuwepo, na kiu sidhani kama ilichelewa. Tulichokosa ni karani.

Halafu kuna hadithi ya jogoo. Florence na Siena waligombania vilima hivyo miaka mingi, mpaka wakakubaliana kila mji utoe mpanda farasi. Jogoo akiwika, mtu wako anaondoka, na pale watakapokutana ndipo mpaka. Siena wakachagua jogoo mweupe, wakamlisha akashiba akalala. Florence wakachagua mweusi, wakamnyima chakula. Njaa haitazami saa: jogoo mweusi akawika kiza kingali kinene, mpanda farasi wao akatoka mbio, akaja kukutana na mwenzake jirani kabisa na Siena. Vilima karibu vyote vikachukuliwa na Florence. Ndiyo maana leo chupa za Chianti Classico zina nembo ya jogoo mweusi. Mimi hapa nina mgogoro wa mpaka wa shamba ambao umepita kwa wazee wa mtaa, ukapita kwenye baraza, umekula nauli na soda za mashahidi, kumbe dawa yake ilikuwa kumshindisha kuku njaa.

Kilichonimaliza ni cha mwisho. Karne ya 19, bwana aliyeandika kanuni ya kuchanganya zabibu za Chianti, barua yake ikiwa ya mwaka 1872, aliitwa Bettino Ricasoli. Huyu alikuwa Waziri Mkuu wa Italia, tena mara mbili. Nilisimama. Ruangwa nayo si ilitoa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, mwaka 2015? Timu yetu ya Namungo imepanda Ligi Kuu, uwanja umejengwa, Waziri Mkuu tukampata. Barua ya uraka hatukumwomba. Watu wa Kusini tuna aibu zisizo na faida.

Jioni ya pili akafungua chupa aliyokuja nayo. Mgeni mmoja alimwachia badala ya bakshishi, jambo ambalo kwangu mimi lilitosha kuwa onyo. Wazee wakakusanyika chini ya mwembe, vikombe vya chai vikatolewa. Mmoja akavaa miwani, akasoma karatasi ya chupa, akauliza huo mwaka 2018 ni wa nini.

"Ni mwaka zilipovunwa zabibu, babu."

"Wa elfu mbili na kumi na nane? Na miaka yote hiyo hawakupata wanywaji?"

Mpwa wangu akaeleza mambo ya mapipa ya mwaloni, kwamba mvinyo huu ukikaa ndipo unapopata utu. Mzee akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, kinywaji kikikaa miaka hiyo bila kuguswa, ama kina kesi ya mirathi ama hakinyweki."

Wakanywa. Midomo ikajikunja. Mwingine akasema ukakasi huu anaujua vizuri, ni wa bibo lililookotwa na mvivu kabla halijaiva. Mpwa akajibu kitaalamu kuwa hizo ni tanini, na wenyewe wanazipenda. Likatolewa pendekezo la sukari. Yule jirani yangu wa dini aliuliza kwa upole kama ni juisi, akatajiwa tena ule mwaka, akasikitika sana, akaondoka na jagi lake.

Jambo moja tu liliwagusa wazee. Waliuliza hao Wataliano wanazihudumiaje zabibu, kijana akasema kuna ugonjwa unaleta unga mweupe kwenye majani na maua, nao wanaupulizia salfa. Lo! Mwembe mzima uliamka. Ubwiriunga! Ugonjwa uliotutia umaskini sisi, mikorosho yetu ikasimama na maua yaliyokauka, na wao unawapata? Watu hapa wanakumbuka. Nchi hii ilivuna tani kama 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, halafu vikaja vijiji vya kuhamishiwa, watu wakaiacha mikorosho yao mbali porini, bei zikawa za kukatisha tamaa, ubwiriunga ukamalizia, hadi katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakawa chini ya tani 20,000. Tangu hapo hakuna mkulima hapa asiyejua harufu ya salfa kwenye shati. Basi maswali yakawa hayaishi. Mfuko wao ni shilingi ngapi? Wanagawiwa au wananunua? Na huko nako inafika maua yakishaanguka? Mpwa wangu, ambaye chuo kilimfundisha kunusa tu, hakuwa na jibu. Wazee wakawahurumia Wataliano kwa dhati, na chupa ikaisha.

Kesho yake ndiyo siku ya balaa.

Tulikwenda kwa mama mmoja ambaye uraka wake, kusema kweli, ndio ninaoupenda kuliko wote. Kijana akaamkia vizuri, akakaa kwenye gogo, akapewa kopo la plastiki. Badala ya kunywa akaanza mahojiano.

"Mama, huu ni wa mwaka gani?"

"Wa jana alasiri, baba."

"Wa shamba lipi?"

"La bondeni, kwenye mteremko. Mikorosho ya marehemu baba mkwe, ile mizee."

"Mabibo mekundu au ya njano?"

"Ya njano zaidi. Mekundu ya kule juu yamepigwa na mvua ya juzi, yamejaa maji, sikuyachanganya."

Mimi nilikuwa pembeni nasikiliza. Mama yule alijibu bila kuvaa miwani na bila karatasi ya chupa: mti, mteremko, mvua, siku, na mkono uliokamua ni wake. Chianti wana mabaraza ya wataalamu kulinda mambo hayohayo. Tungeishia hapo tungekuwa na siku njema.

Mpwa akalizungusha kopo. Akaingiza pua. Akavuta kidogo, akasukutua, akatazama mbali, kisha akageuka pembeni akatema.

Wale ambao hawajakaa kilabuni hawatanielewa. Benchi zima waliteremsha makopo yao wakayachungulia. Mmoja alimwaga chake chini, polepole, bila kusema neno. Mama akamtazama kijana, halafu akanitazama mimi, maana nilishawaambia anayeulizwa ni nani.

"Kuna nini ndani ya uraka wangu, baba?"

Kijana akajitetea kuwa hiyo ni taaluma, kwamba waonjaji wakubwa duniani wote wanatema ili wasilewe. "Asiyetaka kulewa," akasema mama, "kaja kilabuni kutafuta nini? Si angebaki nyumbani na mjomba wake?" Nikaletewa hesabu: kopo lililoonjwa, kopo lililomwagwa, na makopo ya wote waliopata wasiwasi. Nimelipa. Wakati nahesabu noti, mpwa wangu anasoma ripoti yake kwa sauti: harufu ya embe bivu, utamu wa mwanzo, ukakasi wa kadiri, mwisho mrefu. Nikamwambia mwisho mrefu anaousikia ni huu wa mfukoni mwangu.

Kinachoniudhi ni kwamba ripoti ilikuwa ya kweli. Embe bivu lipo, nimelinywa miaka na miaka bila kulitaja. Na nchi hii mbona kuna wanaotajwa? Dodoma zabibu zililetwa na wamisionari wa Kiitaliano, zikapata kituo cha utafiti Makutupora, zikapewa na jina, na zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Toscana hawana. Leo mvinyo wa Dodoma unakaa kwenye meza za harusi na maua pembeni. Watu wa Goa, India, mkorosho waliletewa na Wareno walewale wa kwetu. Mabibo yao wanayageuza kuwa kinywaji kikali kinachoitwa feni, na mwaka 2009 kikasajiliwa kisheria kuwa ni cha Goa peke yake. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ikakitangaza kuwa ni urithi. Urithi! Hapa kitu cha mabibo kilichopikwa na kukingwa kinaitwa nipa, na ukikutwa nacho utarithi mahabusu. Siitetei nipa, imepofusha watu na imeua, na mwandishi wa safu ana familia. Lakini uraka una kosa gani? Haujapikwa, haujakingwa, ni tunda limekaa usiku mmoja. Watafiti wa korosho pale Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakifundisha watu kutengeneza juisi, jamu na mvinyo kwa mabibo. Mafunzo yakiisha watu wanarudi nyumbani, na bibo linarushwa nyuma.

Hivyo mlitarajia mpwa wangu aliponiletea mpango wake nimkumbatie. Alianza vibaya, akasema labda tupande zabibu huku. Nikamkumbusha Waingereza walikuja Nachingwea miaka ya 1940 na matrekta, wakasema watalima karanga za kulisha dunia, wakajengewa reli kutoka pwani. Mwaka 1951 wakafunga virago, na reli yenyewe miaka ya 1960 ikang'olewa. Vilima hivi havipangiwi cha kuotesha. Akabadilisha: basi uraka wetu, kwenye chupa, wenye karatasi na cheti. "Uraka wa Vilima vya Mbekenyera". Mipaka kama ya Cosimo. Watalii wanatoka Dar wanakuja kuonja.

Nikamwuliza hao watu wa Chianti, wale wakulima wenyewe, wanauonaje utajiri huo. Akaanza kukuna kichwa. Kumbe zamani walikuwa wakigawana mavuno nusu kwa nusu na mwenye ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakachoka, wakakimbilia viwandani mijini, nyumba zao za mawe zikabaki na popo. Wakaja matajiri na wageni wakazinunua. Leo mjukuu wa mkulima akitaka kununua jiko alimozaliwa bibi yake, hana ubavu.

Sasa nifikirieni mimi. Uraka ukipata cheti, yule mama atavalishwa aproni. Kopo la plastiki litaondolewa, itakuja glasi yenye shingo, na bei itaandikwa kwa dola kwa kuwa mgeni anaonja penseli. Mimi nitakuwa kwenye picha ya ukutani, mzee wa kienyeji anayetabasamu, nakunywa maji. Nikidharauliwa nanung'unika, nikiheshimiwa nafilisika. Na sitaki kuulizwa nataka nini, kazi yangu ni safu.

Isitoshe mipaka itachorwa na nani? Nachingwea watasema vilima vinaanzia kwao. Liwale watadai wao wana misitu. Newala na Tandahimba wakisikia kuna cheti cha mabibo watashuka na msafara, na kwa wingi wa mikorosho hatuwawezi. Mpwa wangu, masikini, ana suluhisho: jogoo mweusi. Tumfuge mmoja, tumnyime chakula, awike mapema kuliko wa wilaya zote.

Jogoo mweusi tii, asiye na doa, Mbekenyera! Huyo hata kuwika hatafikia. Kila mganga kuanzia hapa mpaka Masasi anamtafuta kwa kazi zake, na anamlipia bei nzuri. Nimeshamwambia kijana kwamba nikimpata nitamuuza, nirudishe hela zangu za makopo.